Waya Wangu ni Mzima

Juzi nilitolewa chini ya meza ya watu kwa kuvutwa mguu. Nilikuwa nimekwenda zahanati kupima presha, nikakuta foleni haisogei na binti wa mapokezi anafokewa na kila aliyefika dirishani, kwa sababu kompyuta yake inaganda. Vijana, mimi sikuumbwa kungoja. Mke wangu husema bado hakijatengenezwa kiti cha kunikalisha. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikapiga magoti na kujipenyeza chini ya meza kuona waya umepita wapi. Mlinzi akanidaka kifundo cha mguu.

"Mzee, unaiba nini huko?"

Nikamwambia siibi, nasoma. Nilichokisoma nitawaambia mwishoni, maana bila habari za binti mmoja, Nyamizi, hakitawaingia.

Mwalimu wenu wa ufundi wa mitandao alinifuata nyumbani Samuye akaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kuvuta na kufunga waya. Alitaka niandike kwa utaratibu, kuanzia mwanzo. Nimejaribu mara tatu na kila mara nimesimama kwenda kuangalia kama ng'ombe wamefungwa, na ng'ombe wenyewe niliuza zamani. Kwa hiyo mtasoma kama ninavyokumbuka.

Naitwa Masanja, Baba Kulwa kwa wanaoniheshimu. Kabla ya kompyuta nilikuwa fundi simu Shinyanga mjini. Kazi ya simu ilikuwa ya jozi. Waya mbili zinasokotwa pamoja, jozi inatajwa kwa rangi yake, na rangi zina zamu: bluu, chungwa, kijani, kahawia. Nilizijua kama majina ya watoto wangu. Niliweza kufungua kisanduku cha nyaya hamsini, mvua inanyesha, tochi iko mdomoni, na nisikosee hata moja. Asiyejua kuogelea huogopa mto, lakini mwogeleaji hodari ndiye anayezama. Mimi nilikuwa hodari.

Miaka ya tisini ilipoelekea ukingoni, makampuni ya kutafuta dhahabu yalimwagika huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Geita. Kila kambi ilitaka kompyuta zake zisemezane. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa mbali, Dar es Salaam, na wakija walitaka kulala hotelini wakati kambini kuna mahema. Basi kampuni moja iliyokuwa ikichoronga miamba si mbali na Segese ikauliza mjini kama kuna mtu anayejua waya. Watu wakasema, Masanja. Nikaulizwa kama naweza kufunga mtandao. Nikajibu naweza. Sikuwa nimewahi kuufunga hata mmoja.

Vifaa nilinunua kwa Bwana Ramji. Duka lake lilikuwa karibu na soko la Shinyanga, lina kila kitu kuanzia misumari hadi redio, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akisema Kisukuma vizuri kuliko vijana wa mjini. Mtu wa Didia akiingia na kujikaza na Kiswahili chake, Ramji humwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka," na kumuuliza habari za mifugo, na mtu huyo anatoka amenunua na kitu ambacho hakukikusudia. Mimi nilimwona mwenye duka tu. Kumbe ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii, ila nilichelewa kujiandikisha.

Nilimwambia nataka waya wa kompyuta. Akaleta maboksi mawili. Nilipapasa, yote kijivu, yote laini, nikachukua la bei nafuu.

"Fundi, soma mgongoni kwanza," akasema.

"Mgongo wa nani?"

"Wa waya. Waya una jina lake mgongoni. Usinunue asiyejitaja."

Nikasogeza macho. Lile la bei nafuu lilikuwa limeandikwa namba za kiwanda tu. Lile la pili liliandikwa kila baada ya hatua moja: Cat 5, daraja la waya wa kompyuta. Kumbe la kwanza lilikuwa waya wa simu, jozi zake zimesokotwa kwa uvivu. Vijana, shikeni hilo. Siku hizi nawaona mnachagua kebo kwa rangi kama mnachagua kitenge. Someni mgongo. Kisha kwangueni uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishieni mwenyewe kabla hajafunga duka. Na ulizeni kama nyuzi zake ni nzima au ni za vinyweleo. Uzi mzima ni wa kupita ukutani na kutulia. Wa vinyweleo ni wa mezani, unaokunjwa na kuvutwa kila siku. Mkizigeuza, wa mezani utakatikia ndani ya ganda na mtautafuta hadi mchoke.

Ramji akanipa na mfuko wa plagi, zile ndogo za plastiki angavu kama kioo, zenye meno manane. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi imekunjwa, ina picha ya rangi. Niliiona nikaisukuma kwenye kaunta.

"Karatasi yako, fundi."

"Hiyo ya watoto wanaoanza," nikamwambia. "Mimi rangi nazijua."

Ramji aliikunja akaiweka kwenye droo. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakusema kiburi kina uzito gani begani. Mimi nilitoka dukani pale natembea kama nimebeba tuzo.

Kambi ilikuwa hivi. Upande mmoja kuna ofisi, ndani yake seva, kompyuta kubwa ya kutunza kila kitu. Upande wa pili, mita themanini na kitu, kuna banda la sampuli. Humo mawe yaliyochorongwa yaliletwa, yakasagwa na karasha, mashine ya kuponda mawe, yakafungwa kwenye mifuko yenye namba. Katika kona ya banda, nyuma ya ubao wa kuzuia vumbi, alikaa Nyamizi na kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa kuandika namba ya kila mfuko: umetoka shimo gani, kina gani, uzito gani. Orodha ile ndiyo iliyokuwa roho ya kambi. Mfuko usio kwenye orodha ni udongo tu.

Nilivuta waya kwa usafi ambao ninyi wengi hamna. Niliupitisha ndani ya bomba, nikaufukia, nikauacha mbali na waya wa umeme, sikuukunja kona kali. Kisha nikafunga plagi. Nikamenya ganda, nikafungua jozi, nikazipanga kama nilivyozipanga maisha yangu yote: bluu na mwenzake, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, kahawia na mwenzake. Nikabana kwa koleo. Nikachukua multimita, nikapima uzi kwa uzi, huku na huku. Zote nane zikaitika. Kompyuta zikawashwa, zikasemezana. Bwana Lugendo, msimamizi wa kambi, alinipa mkono mbele ya watu na kusema kuna wenzake Geita wanafungua kambi kubwa mara tatu ya hii, atanipeleka huko. Nilimwandikia mke wangu barua siku hiyo hiyo, na nilitia chumvi.

Wakanibakiza nitunze simu ya upepo na mtandao. Wiki za kwanza karasha lilikuwa bovu, wanasaga kwa nyundo. Hilo mlikumbuke.

Karasha lilipotengemaa, Nyamizi akanijia. Alikuwa msichana wa Segese, mrefu, mpole, msomi wa kidato cha nne, wa kwanza kwao kukaa mbele ya kompyuta. Baba yake alikuwa amefariki. Mshahara ule ulimlisha yeye, mama yake na wadogo zake.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu. Lakini hii kompyuta, karasha likiunguruma inaganda. Nikiiwasha upya, mistari ya mwisho haipo. Jana kumi na miwili. Juzi saba."

Nikaenda na multimita yangu. Nikapima. Nyuzi zote nane zikaitika. Nikamwambia labda anabonyeza vibaya. Akakataa kwa Kisukuma, "Yaya, baba, sibonyezi vibaya." Nikamwambia apunguze kasi ya vidole. Akaniangalia, akarudi kwenye kiti chake.

Mistari ikaendelea kupotea, na kambi ya dhahabu si mahali pa kupoteza kitu. Wakati ule ule, asubuhi moja, wachimbaji wadogo walivamia kilima kimoja tulichokuwa tumechoronga. Watu mia na sururu zao, kana kwamba wametumiwa barua. Bwana Lugendo akatazama orodha: mashimo ya kilima kile yana mapengo. Akauliza ni nani anaandika. Ni Nyamizi. Akauliza ndugu zake wanafanya nini. Kaka yake ni mchimbaji mdogo. Hesabu ikafungwa hapo hapo: binti anafuta mistari ili mifuko mizuri isijulikane, na habari anampelekea kaka yake.

Niliitwa ofisini. Nyamizi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Fundi Masanja," akasema Bwana Lugendo, "huyu anasema kosa ni la mtandao. Wewe unasemaje?"

Vijana, nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni neno fupi sana. Mtu anaweza kulisema huku anavuta pumzi. Lakini niliiona Geita, niliona barua niliyomwandikia mke wangu, nikaona mkono niliopewa mbele ya watu.

"Waya wangu ni mzima," nikasema. "Nimeupima mwenyewe mara mbili."

Nyamizi akanigeukia. Alinitazama tu, kwa namna ambayo sijaisahau. Akaambiwa akae nyumbani hadi Ijumaa, siku ambayo Bwana Lugendo angekwenda Kahama kulikabidhi faili lake polisi. Ilikuwa Jumatatu.

Sikuweza kula. Nilizunguka lile banda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watu wa banda la sampuli walikuwa wanasema kompyuta imerogwa, wengine wanasema hapana, binti ndiye aliyeroga. Mimi nilijipa moyo kwamba labda waya una ufa wa kiwandani, na kama ni hivyo kosa ni la kiwanda. Jumanne alfajiri nikapanda gari la kampuni lililokuwa linakwenda Shinyanga kuchukua dizeli, nikanunue waya mpya. Njia nzima, hadi tunapita Didia, nilikuwa nashika mlango kama nataka kushuka.

Ramji alinitazama usoni kabla sijafungua mdomo.

"Nani amekufa, fundi?"

Nikamweleza. Karasha, kuganda, mistari. Binti sikumtaja. Akafungua droo, akatoa ile karatasi iliyokunjwa na kuitandaza kwenye kaunta, akaweka kidole.

"Wa tatu na wa sita," akasema. "Uliwaweka wapi?"

Nikainama. Picha ilikuwa na rangi nane kwa mpangilio: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Nilidhani mchoraji alilewa. Kijani ametenganishwa na mwenzake, katikati wamewekwa bluu wawili! Kisha nikasoma maandishi ya chini, na jasho likanitoka hadi kwenye nyayo. Kompyuta husemea waya wa kwanza na wa pili, na husikilizia wa tatu na wa sita. Kwa hiyo wa tatu na wa sita lazima wawe mtu na mwenzake, waliosokotwa pamoja. Mimi, kwa zamu yangu ya simu, wa tatu nilimpa chungwa na wa sita nikampa kijani. Niliwaoza watu ambao hawajawahi kuonana.

Mjue kwa nini inadhuru. Kamba ya kufungia ng'ombe ina nyuzi mbili zilizosokotwa. Ukiipiga fimbo, zote zinapigwa sawa. Jozi ya waya ni hivyo hivyo. Kelele za umeme zikija, zinazipiga zote mbili sawa, na kompyuta inajua hiyo ni kelele, inaitupa. Ukizitenganisha, kila uzi unapigwa kivyake, na kompyuta haijui tena lipi neno na lipi kelele. Kwenye waya mfupi mtasalimika. Kwenye mita themanini, karasha linaunguruma, mmekwisha. Na multimita haitawaambia neno, kwa sababu inauliza tu kama uzi umefika. Haiulizi umefika na nani.

"Waya wako ni mzima," Ramji akasema taratibu, akinirudishia karatasi. "Ni kichwa chake tu."

Sikujua anasema kichwa cha waya au changu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kosa la kupanga rangi hata mtoto anaweza kulifanya. La pili nilifanya kwa akili zangu timamu.

Nilirudi kambini Jumatano asubuhi. Watu walipokwenda kula mchana, nikaingia bandani peke yangu, nikakata plagi ya zamani, nikafunga mpya kwa mpangilio wa karatasi. Nilifungua msokoto kidogo tu, usiozidi upana wa ukucha wa kidole gumba, nikalisukuma ganda liingie ndani ya plagi ili meno ya nyuma yalibane. Nikaenda ofisini, nikafanya vile vile upande wa pili. Plagi mbili za zamani nikazitia mfukoni. Karasha likawashwa. Karani aliyeshika nafasi ya Nyamizi akaandika hadi jioni, na haukupotea hata mstari mmoja.

Nikapumua. Nilijiambia tatizo limekwisha, wataona limekwisha, watamwita binti arudi, na mimi hakuna atakayenitaja. Mpango mzuri sana, kwa mtu asiyefikiri.

Alhamisi asubuhi Bwana Lugendo alinishika bega. Alikuwa anatabasamu.

"Umeona, fundi? Tangu yule binti aondoke, hakuna namba iliyopotea. Ushahidi gani mwingine tunataka?"

Aliichukua kalamu akaongeza hilo kwenye faili.

Nilitoka nje. Kimya changu kilikuwa kimegeuka shahidi. Kama ningeuacha ule waya mbovu, karani mpya naye angepoteza mistari, na Nyamizi angesafishika bila mimi kufungua mdomo. Nilipoutengeneza kwa siri, nilimfunga kamba kwa mikono yangu.

Mchana ule nikatembea hadi Segese. Sijui nilikwenda kufanya nini. Nilimkuta Nyamizi uani anachambua mpunga na mama yake. Mama alinikaribisha, akanipa kigoda, akaenda kuleta maji. Sikukaa.

"Baba Kulwa," Nyamizi akasema, "nikuulize. Tangu nitoke, inapotea?"

Ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Haipotei."

Aliweka ungo chini. Akatazama mikono yake.

"Basi nimekwisha," akasema. "Hata mimi ningekuwa wao ningeamini."

Mama yake akarudi na maji kwenye kikombe cha bati, ameshika kwa mikono miwili, akapiga goti kunipa. Yule mama hakujua anampigia goti nani. Nilikunywa, na sijawahi kunywa maji machungu kama yale, ingawa yalikuwa maji ya kisima cha kawaida. Nilisema asante, nikaondoka, na njiani nilijitukana kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi yangu mimi yalikuwa yanakwenda kumuua mwingine.

Ijumaa gari la Kahama lilikuwa linawashwa nilipomzuia Bwana Lugendo.

"Nipe nusu saa, bwana. Kisha nenda."

"Nusu saa ya nini?"

"Ya kukuonyesha mwizi."

Hilo alilipenda. Akanifuata bandani, na wafanyakazi nao wakajisogeza. Nikatoa koleo. Nikakata plagi niliyoifunga Jumatano, nikafunga nyingine kwa mpangilio wangu wa zamani, bluu, chungwa, kijani, kahawia, kisha nikaenda ofisini nikafanya hivyo hivyo. Plagi moja niliiharibu nikaanza upya. Niliporudi nikamwomba Bwana Lugendo akae kwenye kiti cha Nyamizi.

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, bwana. Andika namba za mifuko hii hapa."

Akaandika. Anaandika kwa vidole viwili, kila mtu anamtazama. Alipofika mfuko wa kumi nikamwashiria mtu wa karasha. Likaunguruma. Bwana Lugendo akaandika mmoja, wa pili, na wa tatu ukakwama. Akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu. Skrini imetulia kama picha ya ukutani. Ikawashwa upya, akafungua orodha. Mistari mitatu ya mwisho haipo.

"Bwana Lugendo," nikasema, "kaka yako anachimba wapi?"

Nikatoa zile plagi mbili mfukoni, nikamwonyesha rangi kwenye kioo chake, nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea, nikasema nilijua tangu Jumanne, nikasema nilitengeneza Jumatano kwa siri. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kutoka. Nilitamani kulimeza, na nusura nilimeze.

Faili halikwenda Kahama. Gari lilikwenda Segese kumchukua Nyamizi. Aliingia bandani na khanga yake ya nyumbani, vumbi la pumba bado mikononi. Bwana Lugendo alimwomba radhi kwa maneno machache, kisha akanigeukia mimi.

"Funga huo waya vizuri, halafu kusanya vyombo vyako. Geita usahau."

Nikasema sawa. Ilikuwa haki, na iliniuma, na vyote viwili ni kweli.

Nilipokuwa nafunga plagi ya mwisho, Nyamizi alisimama nyuma yangu. Nikageuka kumwomba msamaha. Akanitangulia yeye.

"Hiyo ya tatu na ya sita, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akashika uzi mmoja mmoja, akarudia rangi kwa sauti, akanipokonya koleo akabana mwenyewe. Aliibana vizuri kuliko mimi, gete, kweli kabisa. Kisha akachukua utepe wa karatasi wenye gundi wanaofungia mifuko ya sampuli, akakata kipande, akakizungushia kwenye waya karibu na plagi, na kunipa kalamu yake ya wino.

"Andika jina lako," akasema. "Siku nyingine kikipotea kitu, waanze kuuliza wenye majina."

Nikaandika: Masanja. Herufi zilikwenda mshazari.

Tangu siku hiyo sijafunga waya hata mmoja bila jina. Shule, benki, hospitali, migodi. Geita nilifika baada ya miaka, kwa mlango mwingine. Wenzangu walinicheka, wakasema najitangaza. Lakini zile nyaya za mwanzo, za ndani ya ofisi ya kambi ile, fupi fupi, nilizozifunga kwa zamu ya simu na zikafanya kazi bila kelele, zile sikuzirudia. Kambi ilivunjwa, vifaa vikauzwa, vikatawanyika. Mpaka leo nikiona waya mkuukuu wa kijivu umeingia nyuma ya kompyuta, moyo unanidunda na magoti yanataka kuinama. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Huenda.

Basi, zahanati. Nilipokuwa chini ya ile meza nilisoma plagi: bluu, chungwa, kijani, kahawia. Waya unatoka jengo la pili, hauna jina. Mlinzi aliponivuta nje nikamuuliza yule binti wa mapokezi, "Ikiganda, kuna kinachounguruma?"

Akafikiri. "Friji ya chanjo ikianza, babu. Nilimwambia mganga mfawidhi, akasema natafuta kisingizio. Ameshaniandikia barua ya onyo."

Nikaomba kuonana na mganga mfawidhi. Nikamwambia aishike hiyo barua kwa nusu saa tu. Koleo na plagi chache ninazo mfukoni siku zote, hata kanisani. Nikafunga plagi mbili, friji ikaunguruma, kompyuta ikaendelea, foleni ikasogea. Kisha nikaomba plasta ya kidonda kwa muuguzi, nikaizungusha kwenye waya, nikaandika: Masanja, Samuye.

Mlinzi alikuwa bado amesimama juu yangu.

"Sasa jina la nini, mzee?"

"Ili wakija kutafuta mwizi," nikamwambia, "waanzie kwangu."